Sanduku, meza au ufuo: mtoto wa chekechea ajifunzie wapi kufanya sayansi?

Mwanzo wa muhula, kamati ya wazazi wa chekechea yetu ilikutana hapa Lamu, barazani kwa mmoja wao, baada ya swala ya alasiri. Palikuwa na fedha kidogo na swali moja: watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, wapatiwe nini cha kujifunzia sayansi? Baba mmoja alikuja na picha kwenye simu, sanduku la plastiki linalouzwa Mombasa, ndani yake lenzi, sumaku, neli za majaribio na rangi. Mama mmoja akasema ya nini sanduku, wekeni meza darasani na kila nyumba ilete kitu. Kisha bibi mmoja, ambaye mjukuu wake yuko darasani kwangu, akauliza kwa upole kwa nini tunahangaikia sanduku na meza ilhali bahari iko pale, hata sauti yake tunaisikia.

Mimi ndiye mwalimu wao. Njia zote tatu nimezijaribu, kila moja kwa mwaka wake, na kila moja ina watu inaowafaa. Nimeandika haya kwa mwalimu au mzazi mwingine wa pwani atakayekaa kwenye baraza kama ile na kutakiwa achague.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima tujue tunatafuta nini. Mtoto wa miaka minne au mitano hafanyi sayansi kwa kukariri majina ya sayari. Anaifanya anapokisia kabla ya kuona, akajaribu kwa mkono wake, akasema alichokiona, na akabadili kauli yake akiona haikuwa kweli. Uwezo huo anao tayari. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwapa watoto wa umri huu mashine inayowaka taa ikiwekewa shanga, na shanga zenyewe zilikuwa mbili mbili, zimeungana. Watoto walioonyeshwa kuwa baadhi ya shanga huwasha na nyingine haziwashi walizitenganisha, wakajaribu moja moja. Na walipopewa jozi iliyogandishwa isiyoachana, wako walioigeuza wima ili shanga moja tu iguse mashine. Hakuna aliyewafundisha. Basi kazi yetu ni kuwapa mahali pa kuutumia uwezo huo, na kutouzima.

Kwa hiyo njia zote tatu nazipima kwa maswali mawili. Ni nani anayekisia, mimi au mtoto? Na je, kesho mtoto anaweza kurudia peke yake, bila mimi kumpangia?

Sanduku la majaribio

Sanduku lina mvuto wa kweli na silidharau. Mtoto akitazama mkono wake kwa lenzi mara ya kwanza, akaona vinyweleo na mistari, hunyamaza kwa namna ambayo sijaiona kwa kitu kingine. Sumaku nayo ni mwalimu mzuri kunizidi. Watoto wangu walikisia kwamba itashika kila kinachong'aa. Wakaenda nayo kwenye sufuria ya alumini, haikushika. Wakaenda kwenye bati, ikashika, na bati lenyewe lilikuwa na kutu, halina mng'ao hata kidogo. Siku nne nzima walizunguka nayo wakisema kabla ya kugusa, "Hiki kitashika, hiki hakishiki." Hapo sanduku lilipata alama zote kwangu.

Vitu vingine vilivyobaki ndani havikufika huko. Vilikuja na kadi za maelekezo kwa Kiingereza: mimina cha buluu ndani ya cha manjano, koroga, tazama. Jibu ni moja na analijua mwenye kadi. Watoto walipanga foleni, kila mmoja akamimina mara moja, basi. Rangi zilipokwisha hapakuwa na duka kisiwani la kuzijaza tena, na neli mbili zilivunjika wiki ya kwanza.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni onyesho, maana sanduku humvuta mwalimu afanye onyesho. Mwaka ule niliweka magadi kwenye kifuu mbele ya darasa, nikamwagia siki, povu likafurika, wakashangilia. Kesho yake nikauliza kwa nini povu lilitoka. Jibu lilikuwa moja, kutoka pande zote za chumba: "Mwalimu alifanya."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, kwa sababu lilikuwa sahihi kabisa. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2011, huko huko Marekani, watoto wa chekechea walipewa kichezeo chenye mambo kadhaa yaliyofichwa: sauti, taa, muziki, kioo. Walioambiwa na mtu mzima "ngoja nikuonyeshe hiki kinavyofanya kazi" na kuonyeshwa jambo moja tu, walicheza muda mfupi zaidi na kugundua machache kuliko wale waliokiona kitendo hicho hicho kikitokea kama kwa bahati. Mtoto akionyeshwa na anayejua, hudhani kilichoonyeshwa ndicho chote kilichopo.

Magadi sikuyaacha. Siku hizi natenga vikombe vinne: ndimu, ukwaju, maji na tui la nazi. Kabla magadi hayajatoka kwenye pakiti, kila mtoto anaonja kidogo na kutengeneza uso kuonyesha ladha. Ndipo wanakisia kipi kitatoa povu. Ndimu inatoa. Ukwaju unatoa. Maji na tui vimetulia tu. Mwaka jana mtoto mmoja wa PP2 alikunja uso, akaonyesha vikombe viwili vya kwanza na kusema, "Vilivyofanya hivi." Hajui neno asidi wala halihitaji mwaka huu, lakini amepata kanuni kwa ulimi wake mwenyewe. Na vyote hivyo vinapatikana sokoni. (Wakishaonja, vikombe vya kuonjea viondolewe, na magadi yawe mbali na macho.)

Kuna tahadhari moja ambayo mnunuzi wa sanduku hana budi kuijua. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari zikimezwa: mbili huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Betri bapa zenye umbo la kitufe nazo huchoma koo kwa muda mfupi. Nunua sumaku kubwa isiyoingia mdomoni, na ukikuta kwenye sanduku kimoja kati ya hivyo viwili, kitoe kabla watoto hawajakiona.

Meza ya darasani

Hii ndiyo njia ya mama yule, na ndiyo ninayoitetea kwa mwalimu aliye peke yake na watoto wengi. Beseni la maji, trei ya mchanga, vifuu viwili na fimbo vya kutengenezea mizani, makombe, kumbi la nazi, kunde chache juu ya pamba iliyoloa. Thamani yake haiko kwenye vitu. Meza haifungwi, iko pale leo, kesho na wiki ijayo, mtoto anarudi akitaka.

Nitaeleza siku moja kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kuwa na haraka. Nilileta machungwa mawili. Nikauliza, "Nikiliweka kwenye maji, litafanyaje?" Wengi walisema litazama kwa sababu ni zito. Likaelea. Nikamenya la pili, nikaliinua, nikauliza tena. Safari hii karibu wote walisema litaelea juu zaidi, maana limepungua uzito. Nikalitia majini, likashuka mpaka chini ya beseni.

Hawakupiga kelele kama siku ya povu. Walisogea. Mmoja alilitoa, akalirudisha, likazama tena. Kisha mtoto mmoja wa nahodha, ambaye muhula mzima hakuwa amesema sentensi mbili mbele ya wenzake, akasema polepole, "Limevua jaketi."

Kila mtoto wa hapa ameshavalishwa jaketi la kuokolea kwenye mashua, hivyo walimwelewa papo hapo. Na kwa kweli yuko sahihi: ganda la chungwa limejaa vinafasi vidogo vya hewa, ndivyo vinavyolibeba. Lakini sikumwambia kuwa amepata. Nilimuuliza, "Tutajuaje?" Akachukua ganda peke yake, akaliweka majini, likaelea. Mwenzake akataka chungwa limenywe upande mmoja tu. Likaelea limejigeuza, upande wenye ganda juu. Kazi hiyo waliiendesha wenyewe mpaka kengele ya uji, na kesho yake nilikuta mtu ameleta ndimu kutoka kwao.

Katika mtaala wa umilisi unaofundishwa Kenya tangu mwaka 2019, hayo yote yanaingia chini ya Shughuli za Mazingira, na lugha ya kufundishia ngazi hii ni lugha ya eneo. Hili la lugha halipewi uzito wake. Watoto wangu wakifikiri kwa dhati husema "mai", hawasemi "maji". Mwalimu anayemkatiza mtoto katikati ya wazo ili amsahihishie neno atapata neno na kulipoteza wazo. Acha "mai yaelee", sarufi ina saa yake.

Mezani ndipo pia pazuri pa kujifunza kukosea. Yai bichi huzama kwenye maji ya kisima. Nikauliza, kwenye maji ya bahari je? Wote wakasema litaelea, kwani ya bahari yana chumvi, na wengine walishaelea wenyewe baharini. Nikatia yai, likazama. Hata mimi mara ya kwanza nilishangaa, kwa sababu vitabu husema yai huelea kwenye maji ya chumvi. Bahari ina chumvi ya kama gramu 35 kwa lita moja, na yai bichi linataka zaidi ya hapo. Tukaongeza chumvi kijiko kwa kijiko, mtoto mmoja akichora mstari kwa kila kijiko, mpaka likainuka. Naomba ndugu zangu walimu: kisa kama hiki msikifiche mkidhani somo limeharibika. Pale yai lilipozama ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Udhaifu wa meza ni kwamba huzeeka. Vitu vikikaa wiki tatu bila swali jipya vinageuka kuwa pambo, watoto wanavipita kama wanavyoupita ukuta. Meza inahitaji mwalimu mwenye mazoea ya kuleta kitu kimoja na swali moja kila Jumatatu. Asiye na mazoea hayo meza haitamsaidia zaidi ya sanduku.

Ufuo

Bibi yule alikuwa na haki, ila ufuo ndio wenye gharama kubwa kuliko vyote, na gharama yake ni watu.

Kinachopatikana huko hakiwezi kuingia darasani. Tunachofanya ni hiki. Saa nne, saa ya uji, tunateremka na kijiti kimoja, tunakichomeka ukingoni pale maji yalipofika. Kesho, saa hiyo hiyo, tunashuka na kijiti kingine. Maji kujaa na kupwa huchelewa kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo kijiti cha pili hakiangukii palepale. Cha kwanza kwa kawaida tunakiweka siku ya bamvua, mwezi mchanga au mpevu, ambapo saa nne ya kwetu bahari imekupwa, mchanga na tope vimetanda mbele. Siku ya saba, saa ileile ya uji, maji yamejaa. Vijiti vya mwanzo vimezama.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kuhesabu dakika 50, wala simtaki azihesabu. Anachoweza ni kusema siku ya nne, kabla hatujatoka mlangoni, "Leo mai yatakuwa karibu zaidi," kisha akashuka kuangalia. Huko ni kutabiri kwa ushahidi aliouweka mwenyewe ardhini. Wapo walioshika wazo kwamba bahari inasogea kwa sababu inatukimbilia sisi. Nikauliza tutajuaje, na mmoja akapendekeza tusiende siku moja, tumwombe mama anayeuza mahamri karibu na gati atuangalizie. Yule mama alitutazamia kwa moyo mkunjufu. Maji yalikuja bila sisi.

Kuna na kaa wale wanaobeba kombe la konokono wa baharini. Panga makombe matupu ya ukubwa mbalimbali karibu na kaa mmoja, kaeni kimya, mkisie atahamia lipi au hatahama. Mara nyingi hahami. Kungoja na kukubali kuwa hakuna kilichotokea ni somo ambalo sanduku haliwezi kutoa, kwa kuwa sanduku limetengenezwa ili kila mara kitokee kitu.

Walioko Malindi wana jambo ambalo sisi hatuna. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji, na mvua zikinyesha bara, bahari yote pale hugeuka rangi ya udongo. Chupa moja ya maji ya siku hizo na nyingine ya kiangazi, zikiwekwa dirishani zitulie, watoto wachore kila asubuhi tope limefika wapi. Ningekuwa huko, ningeanza mwaka na chupa hizo.

Sasa gharama. Na watoto 28 sishuki ufuoni bila watu wazima wanne wengine, na mmoja wao kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Hatuingii majini kupita kifundo cha mguu. Hakuna kuokota kombe lenye umbo la pia, kwa sababu baadhi ya wanyama wanaoishi ndani yake huchoma kwa sumu, na watoto hupenda kombe hilo kuliko yote kwa uzuri wake. Siku moja niliwahi kushuka na msaidizi mmoja tu, mtoto akaenda nyuma ya mashua iliyopandishwa, na dakika tatu za kumtafuta sitazisahau. Alikuwa anatazama kaa. Tangu siku ile, wasipotimia watu wazima, kijiti kinangoja kesho.

Simu

Wazazi huniuliza kuhusu video. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Naitumia kwa kitu ambacho hatuwezi kukiona, kama kasa anayetaga usiku, dakika chache, tena baada ya watoto kukisia. Zaidi ya hapo sioni kazi yake hapa, maana mtoto hawezi kuigeuza video ili aone ingekuwaje vingine.

Kwa nani kipi

Mwalimu mwenye watoto wengi na hana msaidizi, chukua meza, na ujipangie swali la kila Jumatatu kabla ya kununua chochote. Ukiwa na akina mama na akina bibi walio tayari kutoka nawe mara tatu kwa wiki, basi ufuo, na hapo ungependelea wiki moja mfululizo kuliko safari moja kubwa ya mwaka yenye soda na biskuti. Safari moja mtoto ataikumbuka, lakini haina jana wala kesho ya kulinganisha. Shule iliyo mbali na maji isijione imekosa. Kunde na kivuli viko kila mahali. Sanduku zima ningemshauri mtu mmoja tu, aliyepewa bure, na hata yeye afiche zile kadi.

Mzazi wa nyumbani asiye na wakati, nakupa kivuli. Simamisha kijiti uani, mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kila mara aseme kwanza kokoto inayofuata itaangukia wapi. Kama babu yupo, amwite, kwa kuwa babu anajua alasiri huingia kivuli kinaporefuka kwa kimo cha kitu chenyewe, zaidi ya kile kivuli cha adhuhuri. Rudieni mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Lamu iko kusini ya ikweta kwa digrii mbili na kidogo tu, hivyo kivuli cha adhuhuri mwezi wa Juni huelekea kusini, na Desemba hugeuka kaskazini. Vitabu vingi vya picha vilivyotoka Ulaya havionyeshi hilo, kwa sababu huko kivuli cha adhuhuri hakihami upande mwaka mzima. Mtoto wako anaweza kuligundua mwenyewe kwa kokoto tatu.

Kamati yetu ilimaliza karibu na magharibi. Tulinunua sumaku mbili kubwa na lenzi sita, beseni pana na daftari la kuchorea kwa kila mtoto. Fedha zilizobaki ni za chai na mahamri ya akina mama wanne watakaoshuka nasi ufuoni wiki ya bamvua. Bibi yule amekuwa wa kwanza kuandikisha jina, na ameshaniuliza kijiti cha kwanza tutakichomeka siku gani.